Hauna Mizizi, Hauna Majani

Mara ya kwanza nilipoandika kuhusu mmea huu nilikosea, na kosa lenyewe lilinigharimu dola 18.

Ilikuwa Septemba 2022, saa nane za usiku, Zimmerman, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa ploti jirani. Kama umewahi kuishi mitaa ile unaujua huo ukuta. Ukinyoosha mkono unaugusa. Stima ilikuwa imebakisha yuniti tatu na mimi nilikuwa nimebakisha saa tisa za kumaliza kurasa sita.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo. Tulikuwa wengi. Kuanzia Roysambu hadi Juja, ukiona dirisha lina mwanga saa tisa usiku, huyo si mlevi wala mgonjwa, ni mse anamwandikia mtu tasnifu ya uuguzi. Sikuwa na akaunti yangu. Nilikuwa chini ya jamaa mwenye akaunti, ambaye alipokea oda kutoka ng'ambo, akakata lake, akatugawia sisi wa chini dola tatu kwa kila ukurasa. Usiku huo alinitumia oda ya biolojia. Wenzangu walikuwa wanaikimbia biolojia kwa sababu haina maneno ya kujaza jaza kama somo la uongozi wa biashara. Mimi niliichukua mbio. Nilikuwa nimesoma biolojia chuo kikuu miaka miwili na kidogo, na bado nilikuwa na kitabu kimoja cha botania nilichokiokota kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba mjini, kimetoka jalada, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai.

Mada ilikuwa mmea unaoitwa Psilotum nudum. Linnaeus aliupa neno hilo la mwisho mwaka 1753, na maana yake ni uchi. Hilo la kwanza nalo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kitupu, kisicho na nywele. Kwa hiyo jina lake lote, kwa tafsiri ya haraka, ni mtupu aliye uchi. Ukiuona unaelewa. Ni fungu la vijiti vya kijani, urefu wa rula ya shule au zaidi kidogo. Kila kijiti kinapanda, kinagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena mara mbili, hivyo hivyo hadi nchani. Hauna majani. Kando ya vijiti kuna vijigamba vidogo ambavyo havina hata mshipa mmoja ndani, kwa hiyo wataalamu hawakubali kuviita majani. Kazi ya kutengeneza chakula kutokana na mwanga inafanywa na vijiti vyenyewe. Chini ya udongo nako hakuna mizizi. Kuna shina linalotambaa gizani lenye vinyweleo, na ndani ya shina hilo wanaishi kuvu. Hauna ua, hauna tunda, hauna mbegu. Una vifuko vidogo vyenye pembe tatu, kijani kwanza, halafu njano vikiiva, na ndani yake mna spora laini kama unga wa poda.

Kitabu changu cha rangi ya chai kilieleza kwamba mmea huu ni masalio. Kwamba mimea ya kwanza kabisa kupanda nchi kavu ilifanana hivi, bila mizizi, bila majani, kisha mingine yote ikaendelea, ikaota majani, ikaota mizizi, ikafika kwa mwembe na mahindi, na huyu mmoja akabaki pale pale alipoanzia.

Ushahidi ulikuwa mzuri pia. Kuna kijiji Scotland kinaitwa Rhynie. Karibu mwaka 1912 daktari mmoja wa huko, William Mackie, ambaye mawe ndiyo yaliyokuwa mapenzi yake, alikuta mawe yenye mimea ndani. Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita palikuwa na chemchemi za maji moto, na madini ya maji yale yakaigandisha mimea ikiwa imesimama, seli kwa seli. Kati ya 1917 na 1921 wanasayansi wawili, Robert Kidston na William Lang, waliieleza mimea hiyo. Mmoja waliuita Rhynia. Vijiti vitupu, vinagawanyika viwili viwili, havina majani, havina mizizi. Ukiweka mchoro wa Rhynia karibu na picha ya Psilotum, wewe mwenyewe utasema hawa ni babu na mjukuu. Vitabu vingi vilisema hivyo kwa miaka mingi.

Nami nikasema hivyo. Kurasa sita. Nikamaliza saa nne asubuhi, nikatuma, nikalala.

Siku tatu baadaye kazi ikarudi. Mhadhiri wa huyo mwanafunzi, huko aliko, alikuwa ameandika pembeni kwamba msimamo huu umepitwa na wakati kwa miaka ishirini, na kwamba mwanafunzi asome upya aandike upya. Mwenye akaunti hakuniandikia mengi. Alisema nirekebishe bila malipo, na zile 18 zimeenda kama faini.

Nilikasirika mpaka nikacheka. Halafu nikakaa chini kusoma, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilitaka kujua kitu, si kukijaza tu kwenye kurasa.

Kumbe ilikuwa hivi. Watafiti walipoanza kulinganisha DNA ya mimea, Psilotum haikukaa kule chini ya ukoo ambako vitabu viliiweka. Mwaka 2001 Kathleen Pryer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature picha mpya ya ukoo wa mimea, na huyu mtupu aliye uchi alikuwa amekaa katikati ya jamii ya kangaga, ile mimea ya kivulini ambayo majani yake machanga hujikunja kama mkia wa kinyonga. Ndugu zake wa karibu ni kangaga wadogo wanaoitwa ulimi wa nyoka, kwa sababu ya kile kijiti kimoja wanachokitoa katikati.

Sasa fikiria maana yake. Kangaga wana majani. Kangaga wana mizizi. Kwa hiyo mababu wa Psilotum walikuwa na majani na mizizi. Huu si mmea ambao haukuwahi kuendelea. Ni mmea uliokuwa navyo, kisha ukaviacha. Kufanana kwake na Rhynia ni sura tu, kama vile mtu anavyoweza kufanana na marehemu asiyekuwa hata wa kabila lake.

Niliisoma sentensi hiyo saa sita usiku na nikaona ni kama imeandikwa kwa ajili yangu. Hapo ndipo nilipoanza kujidanganya, na itabidi nikueleze kwa nini.

*

Nilijiunga na chuo kikuu mwaka 2018. Nyumbani ni Mtwapa. Baba alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii, mama anapika mahamri na viazi karai asubuhi, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye ukoo wetu kuitwa chuo kikuu. Siku ya kuondoka walikuja majirani ambao hata sikuwajua majina. Mzee mmoja alinipa shilingi 200 na kuniambia nisisahau watu.

Machi 2020 corona ikafunga kila kitu. Watalii wakakata. Hoteli ikawaambia wafanyakazi waende nyumbani wangoje simu, na simu ya baba haikulia. Chuo kilipofungua tena nilikuwa na deni la karo na jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani. Mama alikopa kwenye chama. Februari 2021 nilipokea M-Pesa ya shilingi 26,000, na ujumbe baada yake: "Mwanangu soma, hizi nyingine niachie mimi."

Sikulipa karo.

Nimeizungusha sentensi hiyo kwa miaka nikitafuta namna ya kuiandika isiwe mbaya hivyo, na sijaipata. Nilikuwa na deni la nyumba la miezi mitatu na keateka alikuwa ameshatishia kufunga mlango. Nililipa 12,000. Zile 14,000 nikanunua laptop ya mtumba kwa sababu rafiki alikuwa ameniambia kuna pesa kwenye kuandika. Hesabu zangu zilikuwa safi kabisa. Ndani ya miezi miwili nitazirudisha 26,000, nilipe karo, nirudi darasani semesta ijayo, na hakuna atakayejua.

Semesta ijayo ikawa ile nyingine. Pesa iliingia, ikaliwa na nyumba, stima, bando na chakula. Mama akipiga anauliza, "Masomo yaendaje?" Najibu, "Yanaenda, mama." Na hilo halikuwa uongo mtupu, maana kila usiku nilikuwa nasoma. Nilisoma uuguzi, historia ya Marekani, sheria za biashara, saikolojia ya watoto. Nilikuwa nasomea watu kumi kwa mwezi. Kuna watu huko nje wana shahada na mimi najua swali gani walipatia.

Kwa hiyo unaelewa nilivyojisikia kuhusu Psilotum. Nilikuwa nimezoea kujiona kama yule wa kitabu cha rangi ya chai, aliyebaki nyuma wenzake wakiendelea. Wenzangu wa darasa walikuwa wanaweka picha za mazoezi ya kazini, koti jeupe, beji kifuani. Halafu inakuja DNA inaniambia kwamba kinachoonekana kama kubaki nyuma kinaweza kuwa kuacha. Kwamba unaweza kuvua mizizi, ukavua majani, ukaishi poa. Niliandika kurasa sita mpya kwa moto. Mwenye akaunti aliniambia baadaye kwamba mwanafunzi wetu alipata alama 91. Mimi sikupata hata senti, lakini nilikuwa nimepata hadithi ya kujisimulia. Mimi sikufeli chuo, niliacha. Ikiulizwa, ndio nitasema hivyo.

*

Wiki ile ile nilitoka nje kunyoosha miguu. Ukikaa ndani sana unasahau kwamba kuna jua. Nilipanda matatu hadi barabara ya Kiambu, kule wanakouza maua na miche kando ya lami, nikawa natembea tu bila nia ya kununua, kama mtu anavyoingia duka la viatu akiwa hana pesa.

Kwenye mtungi wa mchikichi wa mapambo, chini kabisa pembeni, kulikuwa na vijiti vya kijani. Vinagawanyika viwili viwili. Na vifuko vya njano.

Niliinama. Nilikaa pale chini muda mrefu mpaka mwenye maua akaja. Alikuwa mzee wa makamo, gambuti miguuni, kofia ya sufi.

"Kijana, umepoteza kitu?"

"Hapana mzee. Hii inauzwa pesa ngapi?"

Aliangalia nilichokuwa naonyesha, akacheka. "Hiyo? Hiyo ni magugu. Hizi palm zilitoka Mombasa, ndio imekuja nayo. Mimi hung'oa."

"Naweza kuichukua?"

"Beba tu. Lakini nunua hata kamti kamoja, kijana, uniinue."

Nikanunua sukulenti ya shilingi 100, nikapewa magugu bure.

Nikiwa kwenye matatu nilimwangalia abiria mwenzangu wa pwani aliyesafiri ndani ya mtungi wa mtu mwingine na ambaye hakuna aliyemwalika. Sehemu nyingine duniani hangebebwa kwenye karatasi ya nailoni. Japani, zamani za watawala wa Edo, matajiri walikuwa wanaupanda mmea huu kwenye mitungi ya thamani na kushindana nani ana wa umbo la ajabu zaidi, na walitengeneza orodha za aina zake zaidi ya mia. Hawaii watu walikuwa wanakusanya spora zake na kuzitumia kama poda, wanajipaka mahali nguo inapokwaruza ngozi. Barabara ya Kiambu ni magugu. Kitu ni kile kile, kimebadilika tu kimesimama mbele ya nani.

Niliupanda kwenye mkebe wa Kimbo, nikaukalisha dirishani, ukitazama ule ukuta. Sukulenti ilikufa baada ya wiki tatu. Wenyewe haukuonekana kujali.

*

Novemba mama alipiga. Sauti yake ilikuwa ya juu, ile sauti yake ya sikukuu.

"Nimeshashona," alisema. "Mimi na dada za babako, kitenge kimoja. Fundi ametuchaji bei nzuri. Wasema mahafali ni tarehe ngapi, tukodi matatu mapema? December hii magari yatakuwa ghali."

Nilikuwa nimemwambia Disemba. Miaka minne tangu 2018, hesabu ilikuwa inakubali.

Nikasema nitamwambia tarehe. Nikakata simu, nikakaa nikiangalia mkebe.

Nilikuwa na jibu langu tayari, la kuvua mizizi. Nilijaribu kulisema kwa sauti mle chumbani, kwa Kiswahili, kana kwamba namwambia yeye. "Mama, sikufeli, niliacha." Lilisikika vibaya. Nikafungua laptop, nikarudi kwenye makala zangu kutafuta kitu cha kuliimarisha. Badala yake nikaisoma sehemu ambayo kwenye ile insha ya alama 91 niliipitia mbio.

Sehemu yenyewe ni ya jinsi mmea huu unavyoanza maisha. Spora ikidondoka haiwi vijiti moja kwa moja. Kwanza inaingia ndani ya udongo, au katika ufa wa gome la mti, na kuwa kitu kidogo cha kahawia, kama kipande cha tangawizi kilichosahaulika, milimita chache tu. Hakina ukijani wowote. Kiko gizani, hakiwezi kujitengenezea chakula hata kidogo. Kinaishi kwa sababu kuvu wanaingia ndani yake na kukilisha. Kuvu wasipokuja, hakuna kitakachoota. Huko chini ndiko mbegu za kiume zinakoogelea kwenye utando wa maji kutafuta yai, na mmea wa vijiti unaoujua unaanzia hapo, ukiwa umeshalishwa na mwingine. Hata ukitoka juuni ukawa kijani, bado kuvu wako ndani ya lile shina la chini, wanauletea maji na madini ambayo mizizi ingeyaleta.

Nilisoma hapo nikaelewa nilikuwa nimekosea tena, mara ya pili, kwa mmea ule ule. Nilidhani ni hadithi ya mtu aliyevua mizizi akasimama mwenyewe. Hausimami wenyewe hata siku moja. Unaishi bila mizizi kwa sababu kuna mwingine chini ya ardhi, asiyeonekana, anayefanya kazi ya mizizi. Na mimi nilijua jina la anayeifanya kwangu. Alikuwa ameshona kitenge.

Usiku huo nilikata tiketi ya basi.

*

Nilifika Mtwapa asubuhi. Baba alikuwa barazani na redio yake. Alishangaa kuniona, akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, nakuja. Mama alikuwa jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Mwanangu! Mbona hukusema? Ushakula?"

"Mama, hakuna mahafali."

"Wameahirisha?"

"Siko chuo. Nilitoka 2021."

Aliendelea kukuna. Nazi ilikuwa imebaki kidogo, ile sehemu karibu na kifuu ambapo sauti inabadilika.

"Na zile 26?"

Nikamwambia. Nyumba, laptop. Nilisema yote bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika nitatengeneza hadithi.

"Chama nimemaliza kulipa Agosti," alisema. "Kwa mia tano mia tano."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akaniuliza basi muda wote huu nilikuwa nafanya nini kule Nairobi, nikamweleza kazi. Kuna vijana Marekani wanapewa insha, mimi naandika, wao wanapeleka. Alifikiria.

"Na wao watavaa joho?"

"Ndiyo."

"Hawakusoma."

"Hawakusoma."

"Na wewe ulisoma?"

"Niliandika tu, mama. Nilisoma nusu nusu."

Akagonga kifuu kwenye ukingo wa sinia, machicha yakadondoka. "Basi hapo hakuna aliyesoma," alisema. "Kula kwanza."

Ndiyo hivyo. Hakuniambia kwamba alijua siku zote. Hakunikumbatia. Siku mbili nilizokaa hakuzungumza nami zaidi ya habari za chakula na maji ya kuoga. Baba alipoambiwa alizima redio, akatoka, akarudi magharibi. Asubuhi ya kuondoka mama alinisindikiza hadi stejini na kusema kitu kimoja: "Zile pesa utanirudishia. Si kwa sababu nazitaka. Utanirudishia."

*

Nilianza mwezi uliofuata kutuma 2,000 kila mwezi. Wakati huo huo ile kazi ilianza kufa. Mwisho wa Novemba 2022 ChatGPT ilitoka, na ndani ya miezi michache wale wateja wa ng'ambo hawakutuhitaji tena. Madirisha ya Roysambu hadi Juja yakaanza kuzimwa mapema. Wengine walirudi nyumbani, wengine wako kwenye boda. Mimi nilianza kuandika makala kwa jina langu, ambayo hulipwa polepole na kidogo, na mara ya kwanza kuona jina langu juu ya maneno yangu niliogopa kana kwamba mtu amewasha taa nikiwa naoga.

Mama wa kitenge alikivaa. Harusi ya jirani, Aprili 2023. Niliona picha kwenye status ya shangazi. Wote watatu, kitambaa kimoja, wamesimama mbele ya tenti. Nilikuza picha mpaka ikapasuka vidoti. Kimempendeza.

Mwaka 2024 nilisoma habari nikataka kumpigia mtu simu. Psilotum ina ndugu mmoja wa karibu anaitwa Tmesipteris, naye anaota juu ya mashina ya miti, naye hana mizizi. Watafiti walipima DNA ya aina moja inayopatikana kisiwani New Caledonia, wakakuta ndiyo kubwa kuliko ya kiumbe chochote kilichowahi kupimwa, jozi za herufi bilioni 160. Yetu sisi ni bilioni 3 na kidogo. Ukiinyoosha DNA ya seli yake moja tu unapata uzi wa mita 100. Nyingi ya herufi hizo ni maneno yaliyorudiwa rudiwa bila kazi inayojulikana. Nikawaza mwandishi wa dola tatu kwa ukurasa angeupenda mmea huo sana.

Lakini sikutafuta maana ndani yake. Mara mbili nimeutumia ukoo huu kujielezea na mara mbili nimekosea. Mmea haukuvua mizizi ili unifundishe kitu. Wenyewe unafanya mambo yake.

Mwezi wa 13 ulikuwa wa mwisho. 2,000 mara 13. Nilituma saa mbili asubuhi, nikangoja. Kila mwezi jibu lake lilikuwa neno moja, "Imefika." Mara hii ilikuja picha kwanza. Siku chache kabla nilikuwa nimemtumia picha ya mkebe wa Kimbo, nikamwambia huu ndio ule mmea niliouandika, na kwamba muuzaji alisema ulitoka huko pwani.

Picha yake ilikuwa ya mnazi wa pale kisimani, ule uliolala kidogo tuliokuwa tunaupanda tukiwa watoto. Kwenye ufa wa shina, kimo cha magoti, vijiti vya kijani vinavyogawanyika viwili viwili.

Chini yake alikuwa ameandika: "Si huu? Mwaka jana niling'oa wote nikadhani uchafu. Umemea tena."

Halafu, baada ya dakika kama tano: "Imefika."